Kusimama Mwisho wa Uwanja

Vijana wenzangu wa Litapunga,

Kabla hamjaanza kusoma, naomba mnivumilie kwa mwandiko. Mkiona mistari inapanda na kushuka, msidhani niliandika nikiwa nyuma ya pikipiki. Niliandika nimekaa mezani, taratibu, kwa siku nyingi. Nilimaliza darasa la saba kwetu Usevya, na tangu hapo kalamu naishika zaidi kuandika jina langu kwenye gunia la mpunga. Penye herufi iliyokosewa someni neno mnalolitegemea. Mara nyingi ndilo nililokusudia.

Mnanikumbuka. Ni yule ambaye bwana shamba alimsimamisha mbele yenu, mle darasani mnamojifunzia droni, akasema, "Huyu ni mstaafu wa ndege za dawa, atawapa uzoefu." Mlicheka, maana mstaafu mwenyewe hajafika hata miaka thelathini. Nikasema habari zenu, nikasema asanteni, nikakaa. Baadaye bwana shamba alinifuata nje akaniambia, "Gaudensi, kama mdomo umegoma, andika." Ndiyo haya.

Kazi yangu ilikuwa kusimama. Nikiwaambia hivyo mtaona ni kazi ya mvivu, na mimi nilidhani hivyo. Misimu ya kwelea kwelea nilizunguka na ndege ndogo ya kumwaga dawa. Wale ndege mnawajua. Mmoja ni mdogo kuliko shomoro, lakini wakija kundi zima shamba linakuwa kama limefunikwa na moshi, na wakiondoka yanabaki mabua. Jioni wanalala kwenye matete, wamebanana, na hapo ndipo ndege ya dawa huwafuata. Kwa hiyo ndege yetu iliruka alasiri ikiwa imebeba dawa nzito, kwenye joto, kutoka kwenye kiwanja cha udongo ambacho jana yake kilikuwa malisho.

Hapo ndipo ajali zinapotokea, wenzangu. Watu wengi hudhani ndege huanguka ikiwa juu. Hii ya kwetu ilikuwa na hatari kubwa pale pale inapoanza kukimbia, imejaa, haijawa ya ardhini wala ya angani. Fundi Hamadi, aliyenifundisha kazi, alikuwa mtu wa Tanga mwenye maneno mengi. Aliniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, ndege ikiwa juu ni ya rubani. Ikiwa chini ni yangu. Hapo katikati ni ya Mungu, na wewe ndiye utakayesimama hapo katikati."

Alinichagua mimi kwa sababu siongei. Tulikuwa vijana wengi tumejipanga tunataka kazi, wenzangu wanajieleza, mimi natazama viatu vyangu. Fundi akasema, "Nampa huyu. Anayeongea karibu na panga boi husahau mkono wake uko wapi." Panga boi ndiyo ile feni ya mbele ya ndege. Nikajua siku hiyo kwamba aibu nayo inaweza kumpatia mtu ajira. Sikujua kwamba ipo siku ingetaka kuniponza.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Katikati ya kiwanja, pembeni, tunaweka debe lililopakwa chokaa. Rubani anapokimbia akifika kwenye debe na mkia wa ndege bado uko chini, habishani na nafsi yake. Anavuta mpini mmoja, tangi linafunguka chini, na dawa yote inamwagika kwa mkupuo. Ndege inakuwa nyepesi ghafla, inaruka. Dawa imepotea, rubani yuko hai. Kwa sababu hiyo, kuanzia penye debe mpaka mwisho wa kiwanja, na pembeni pande zote mbili, hatakiwi kuwepo mtu, wala mbuzi, wala kuku. Mimi nasimama mbali kule mwisho, pembezoni, nina bendera mbili. Nyeupe maana yake kweupe, njoo. Nyekundu maana yake subiri.

Kuna mahali tulikwenda, sitapataja, rubani wetu alivuta mpini mbele ya kijiji kizima. Kapteni Shayo aliitwa, mtu mrefu mwenye miguu ya korongo. Upepo ulibadilika akiwa anakimbia, akafika kwenye debe, mkia haujapanda, akamwaga. Aliporudi kutua wanakijiji walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Mzee mmoja akamfuata akamwambia, "Kapteni, ndege yako imekojoa kwa hofu." Kapteni akavua kofia ya kichwani, akajifuta jasho, akasema, "Mzee wangu, bora ikojoe ndege kuliko mke wangu alie." Tangu siku hiyo nilimheshimu. Rubani anayeogopa kuchekwa ni wa kumwogopa.

Sasa niwapeleke kwetu Usevya, maana huko ndiko hadithi yangu yote iliko.

Mwaka ule mvua zilichelewa kuisha. Mpunga ulikuwa unaanza kuinamisha vichwa na kwelea kwelea wakashuka. Mama yangu mdogo, mama Filomena, ndiye aliyenilea, na shamba lake lilikuwa la kwanza kutoka kwenye matete. Alikuwa anaamka kabla ya jua, anapiga debe na kufyatua kombeo mpaka jioni, sauti imekauka. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Mazao yale ndiyo chakula, ndiyo ada, ndiyo harusi. Ndege ya dawa ilipokubaliwa kuja nilifika nayo nyumbani nikiwa na bendera zangu, na nikawa mtu mkubwa kidogo, jambo ambalo silipendi.

Kiwanja cha zamani kilikuwepo, lakini kilikuwa njia ya ng'ombe. Wafugaji waliokuja na mifugo kutoka kaskazini walikikata katikati kila siku kwenda kunywesha. Wakati wa matope kwato zilizama, na jua lilipokuja yale mashimo yakakauka, yakawa magumu kama bakuli za chuma zilizofukiwa. Wakulima wakawalaumu wafugaji. Mfugaji mwenye kundi kubwa zaidi, mzee Masanja, akawajibu kwamba ng'ombe hasomi kibao. Hawakuelewana.

Kapteni Shayo alikuja kwanza na ndege tupu, nyepesi, akatua pembeni pembeni, akayaona yale mashimo. Akasema, "Hapa nikibeba mzigo nitang'oa gurudumu. Jazeni mashimo, nitarudi kesho alasiri." Akarudi Mpanda.

Basi kijiji kikapiga msaragambo, kazi ya wote kwa pamoja. Mwenyekiti alipita na filimbi asubuhi, na watu walitoka kweli, hata wale ambao kwenye msaragambo wa barabara huwa wanaumwa tumbo. Sisi kwetu mtu akikwambia tengeneza pahala pa kukanyaga pawe pazuri, unajua la kufanya. Unachimba kichuguu. Udongo wa kichuguu ndio wa sakafu. Unaumwaga, unaunyunyizia maji, unaushindilia, halafu akina mama wanasiriba kwa viganja mpaka unateleza kama sahani. Ndivyo walivyofanya. Wanaume walivunja kichuguu kikubwa kilichokuwa upande wa kushoto wa kiwanja, mbele ya debe, kikabaki kisiki cha kimo cha kiuno. Akina mama wakasiriba mashimo yote, na pale ng'ombe walipokuwa wanavuka wakasiriba pote, upana mzima. Waliimba. Mama mdogo ndiye aliyekuwa anaongoza, na nilipomkuta amepiga magoti na udongo mpaka viwikoni, akaniambia, "Mwambie Kapteni wako, hata bwana harusi hajasiribiwa hivi."

Alasiri ndege ilitua, ikapita kwenye lile jamvi jekundu la udongo uliosiribwa bila shida, maana ilikuwa bado nyepesi. Kapteni na fundi Hamadi wakatembea kiwanja chote kwa miguu. Hawakuwa watu wa kupuuza. Fundi alipiga kisigino, ko, ko. Alipiga kwa mpini wa nyundo. Jua lilikuwa limechoma toka asubuhi na juu palikuwa pagumu kama kigae. Kapteni akachuchumaa, akagusa, akasema, "Hii ni lami." Hata hivyo akaamua abebe nusu ya tangi tu, kwa ajili ya joto. Mwenyekiti alitaka lijae. Kapteni akamwambia, "Mwenyekiti, nusu inayofika ni nyingi kuliko nzima iliyobaki chini."

Mimi nikaenda mahali pangu. Upepo ulitaka ndege ikimbie kuelekea magharibi, kwa hiyo jua lilikuwa nyuma yangu, usoni kwa Kapteni. Umati tuliuweka pembeni, nyuma ya debe. Mzee Masanja alikuja na kundi lake anataka kuvuka kwenda majini. Nikamwendea, nikamwambia kwa sauti yangu hii, "Baba, naomba wasubiri. Mpaka ndege iondoke."

"Ng'ombe wana kiu tangu asubuhi," akasema.

"Najua, baba."

"Nyie mkitaka kufukuza ndege, ng'ombe asubiri. Ng'ombe akitaka maji, ng'ombe asubiri. Siku moja mtaniambia nimfundishe kusali." Lakini aliwazuia. Akasimama upande wa kushoto, nyuma ya kile kisiki cha kichuguu, nje ya mpaka wetu, ameegemea fimbo, amenuna.

Nikaangalia kiwanja. Kweupe. Nikanyanyua nyeupe. Fundi Hamadi aliiona akapiga bawa kwa kiganja. Injini ikawaka, na Kapteni akaishikilia kwa breki ili ipate moto.

Hapo ndipo umati ulipokimbia. Hawakukimbia kuondoka, walikimbia kuja mbele. Waliposikia injini, mtu mmoja alisema pale kichuguuni panaonekana vizuri, na wote wakafuata. Msaragambo walifanya wao, kiwanja wamesiriba wao, nani angewaambia wakae nyuma. Walipanda kisiki, wengine wakakizunguka. Akina mama wakatandika khanga zao juu ya ule udongo uliochimbwa wakakaa, kama wamekuja kuangalia ngoma. Mama mdogo alikuwa katikati, na mjukuu wake mgongoni.

Nikanyanyua nyekundu. Nikaipunga. Lakini jua lilikuwa mgongoni kwangu, na ukitazama jua hujui bendera ina rangi gani. Nililiona vumbi linaanza kunyanyuka nyuma ya ndege.

Nikawakimbilia wale watu. Nikasema, "Ondokeni hapa." Nadhani nilisema. Wenzangu, mtu mwenye aibu akipiga kelele, sauti inatoka kama anaomba chumvi kwa jirani. Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia, "Gaudensi, leo una bendera basi umekuwa trafiki." Wakacheka. Mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, toka hapo mbele, unatuziba." Nikamshika mkono, akaninyang'anya mkono wake. Injini ilibadilika mlio, na mimi nilijua ule mlio.

Fundi Hamadi aliwahi kuniambia, "Sauti yako ni ndogo, usishindane nayo. Tafuta kitu kikubwa zaidi yake." Mimi nilidhani anasema kipaza sauti.

Nikageuka, nikaona pembe.

Nilimfikia mzee Masanja nikiwa sina pumzi. "Baba, wapeleke maji sasa."

"Umesema nisivuke."

"Usivuke kiwanja. Wapitishe pale, kwa watu, halafu kata kushoto, uende mbali."

"Pale kwa watu?"

"Pale pale. Upesi, baba."

Alinitazama. Akatazama ndege. Halafu akatazama wale watu ambao msimu mzima walikuwa wanamtukana kwa ajili ya mashimo. Sijui kilichopita kichwani mwake. Alitia vidole mdomoni akapiga mluzi mmoja mrefu, na dume lake la mbele, jeupe lenye pembe zilizofunguka, likanyanyua kichwa. Kundi lililokuwa na kiu tangu asubuhi likaenda.

Hapakuwa na haja ya sauti tena. Watu wanaweza kumbishia mtu wa bendera, hawawezi kulibishia dume. Waliruka kutoka kwenye kisiki wanatukana, wanacheka, mmoja amepoteza kandambili, yule wa bodaboda amewatangulia wote. Walikimbilia kushoto, ng'ombe wakiwa nyuma yao, vumbi tupu. Mama mdogo peke yake hakukimbia. Yeye alikulia na ng'ombe, haogopi pembe. Alisimama juu ya kisiki na mjukuu mgongoni akaanza kumgombeza Masanja. Nilimkumbata kiunoni nikamshusha kama gunia. Alinipiga kofi la sikio, na nikiwa bado nasikia lile kofi, ndege ilifika kwenye njia ya ng'ombe.

Kutoka kule tulikokuwa tunakimbilia, niliona gurudumu la kushoto linazama. Halikuzama sana, kama kisigino kwenye ugali. Lakini ndege haikuwa tupu tena, na lile gamba gumu la juu lilivunjika, na chini yake udongo ulikuwa mbichi, wa kunata. Bawa la kushoto likainama. Pua ya ndege ikageuka, ikaacha kiwanja, ikaelekea kwenye kisiki. Debe likapita. Mkia ulikuwa chini.

Mjue kitu kimoja kuhusu ndege za namna ile. Mkia ukiwa chini, pua iko juu, na rubani haoni mbele. Anaona pembeni tu. Kapteni Shayo alipogeuzwa, kwa kitambo kidogo sana aliona kichuguu, na juu yake aliona khanga. Nyekundu, za njano, za buluu, zimejaa. Halafu pua ikaziba. Kusimama hawezi. Asipomwaga, ndege itapita katikati ya watu na panga boi. Akimwaga itawaruka, lakini dawa itawaangukia wao.

Alivuta mpini.

Ule mzigo ulishuka kama pazia. Ndege ikaruka kidogo tu, gurudumu likagonga kisiki, ikapinduka hewani kama kuku aliyerushwa, ikalala chali kwenye mpunga. Injini ikanyamaza. Harufu ikaja, ile dawa inanuka kama kitunguu saumu kilichooza. Hakuna aliyepiga yowe. Nilishangaa hilo. Watu wote walikuwa wanatazama kile kisiki walichokuwa wamekalia, kinavyochuruzika.

Nilifika kwenye ndege wa kwanza. Kapteni alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye mikanda, mguu mmoja umebanwa. Shikeni hili, hata kama kazi yenu haina mtu ndani yake, ipo siku litawafaa hata kwa gari. Mtu anayening'inia usimfungue mkanda. Ukifungua anaangukia shingo. Kwanza mpe bega, ndipo ufungue. Niliingiza bega langu, halikutosha, na nikaona bega lingine linaingia upande wa pili. Alikuwa mzee Masanja. Fundi Hamadi akakata mikanda kwa kisu.

Tulipomlaza, Kapteni hakuuliza mguu wake. Alinishika kola akasema, "Wangapi?"

Nikamwambia, "Hakuna, Kapteni."

"Usinidanganye. Niliwaona. Wangapi?"

"Hakuna. Ulizoziona ni khanga."

Hakuniamini. Alikuwa analia bila sauti, na alikuwa ananishika kwa nguvu ambayo mtu mwenye mguu uliovunjika hapaswi kuwa nayo. Ndipo mama mdogo akaja, mjukuu mgongoni, shavu limevimba kwa hasira bado, akasimama mahali anapoonekana. Akasema, "Sisi hapa, baba. Wote tupo. Huyu kijana wako ametuswagia ng'ombe." Kapteni akamtazama kwa muda. Halafu akaniachia kola.

Sasa yaliyofuata niyaseme kwa kifupi, maana mkono umechoka.

Tulioguswa na matone tuliogeshwa kwa sabuni na maji mengi, nguo zikazikwa, khanga za kichuguuni zikazikwa, na pahala pale pakazungushiwa miiba mpaka wataalamu walipokuja. Naweni na kuoga hata pale mnapojiona wasafi. Dawa haiumi inapokugusa, na hiyo ndiyo hila yake. Msiruhusu mtu aokote ndege waliokufa akakaange, hata akiwaambia babu yake alikula.

Watu wote walipona. Dume jeupe la mzee Masanja halikupona. Lilikuwa la mbele kwenda, lakini Masanja alipopiga mluzi wa pili wa kuwageuza kushoto lilikuwa la nyuma, na pazia lile lililipata. Tuliliogesha mpaka giza. Asubuhi lilikuwa chini. Mfugaji akifiwa na dume la mbele hapotezi ng'ombe mmoja, anapoteza njia, maana wengine wote humfuata yeye.

Kwelea kwelea hawakusubiri tuzike. Ndege nyingine ilikuja baadaye, ikaruka kutoka kiwanja kingine, ikakuta mashamba ya upande wetu yamekwisha. Shamba la mama mdogo lilibaki mabua. Alikwenda akalitazama, akarudi. Kesho yake alimfuata mzee Masanja penye zizi lake. Mkulima wa kwetu kwenda zizini kwa mfugaji na salamu nzuri, mwaka ule, ilikuwa habari. Alimwambia, "Lete ng'ombe wako. Wale mabua yangu." Na wengine wakafuata, wakafungua mashamba yao. Msimu ule ng'ombe wa Masanja walinenepa kwenye mpunga ambao ungekuwa wetu.

Siku moja mama mdogo alikaa na mimi jikoni akaniambia jambo ambalo wataalamu waliokuja na vipimo nao waliandika kwa maneno marefu. "Sakafu ya kichuguu hukauka usoni, tumboni inabaki mbichi. Nyumbani kwangu siweki mguu wa kitanda mpaka siku zipite. Najua toka utoto. Lakini siku ile nilifikiria miguu ya mtu, mwanangu. Tulitaka apite pazuri." Nilimwambia hata fundi alipiga kisigino na nyundo, na Kapteni aligusa kwa mkono. Hakuna kati yetu aliyelijua lote peke yake. Fundi Hamadi mpaka leo anatembea na spoku ya baiskeli. Kila kiwanja anachoma chini, anaichomoa, anaangalia kama imetoka na unyevu. Anasema kisigino kinaongea na uso tu.

Mimi niliacha kazi msimu uliofuata. Sikufukuzwa. Ndege zilianza kupungua, droni zikaanza kuja, na mimi nikisikia injini inabadili mlio sikio linaniwaka upande ule wa kofi. Nimerudi kulima. Kapteni Shayo mguu ulipona vibaya, anatembea na fimbo, anafundisha marubani vijana huko aliko. Kila mpunga wetu unapoanza kuinamisha vichwa simu yangu inaita. Hasalimii kwanza. Anauliza, "Wangapi?" Namjibu, "Hakuna, Kapteni." Halafu ndipo anauliza habari za nyumbani.

Nimewaona mkijaribu droni yenu kwenye uwanja wa mpira. Ni kitu kizuri, hakina mtu ndani wa kuvunjika mguu. Lakini nayo inapanda imejaa dawa, na niliona watu wameizunguka, watoto mbele kabisa, na wote nyie mnatazama kile kioo mkononi. Sikuona aliyesimama kule mwisho.

Kwa hiyo naomba mniandikie. Msinipigie simu, kwenye simu mimi nasema ndiyo, ndiyo, basi. Chukueni karatasi, mwandiko wowote, hata uwe mbaya kuliko huu wangu, mumpe dereva wa basi la Usevya, ataniletea. Niambieni mmemchagua nani asimame, na ana nini kikubwa kuliko sauti yake. Na siku ile ya kwanza mtakapomwaga kweli, juu ya shamba la mtu, kaeni chini jioni hiyo hiyo muandike jibu la swali la Kapteni. Ni neno moja tu. Nitalisoma, na akipiga simu nitamsomea.

Wenu,
Gaudensi, wa Usevya